Bikoni Yenye Masizi

Ofisini kwa Mama Mtendaji hapakuwa na kiti cha mgeni. Palikuwa na benchi moja fupi la mbao za paina, lililotosha watu wawili iwapo wote ni wembamba na wanapendana. Waliokuja kushtakiana ndio aliowakalisha hapo. "Kaeni kwanza," angesema, kisha akaendelea kuandika mambo yake. Baada ya robo saa ya kubanana, wengi walikuwa wameshaulizana habari za watoto, na wengine waliondoka bila hata kueleza kilichowaleta. Namkumbuka mzee mmoja na shemeji yake waliogombania mpaka wa shamba la viazi. Mzee alinyanyuka kwa hasira, benchi likainuka upande mmoja, shemeji akaenda chini na mkoba wake. Mama Mtendaji alicheka mpaka akavua miwani, wale wawili nao wakacheka, na mpaka wa viazi ukaenda kupimwa jioni ileile bila tusi hata moja.

Yeye alikuwa afisa mtendaji wa kata. Mimi nilikuwa mmoja wa watendaji wa mitaa waliokuwa chini yake, katika kata ya mlimani hapa jijini Mbeya. Jiji lina mkurugenzi, wakuu wa idara na magari yenye viyoyozi, ingawa mtu wa kuhitaji kiyoyozi Mbeya bado sijamwona. Sisi tulikuwa na daftari, muhuri na mabuti ya mvua. Mfereji ukiziba, sisi. Mbuzi wa huyu akila kabichi za yule, sisi. Mtu akitaka kufungua akaunti benki, kumdhamini ndugu yake polisi au kuandikisha mtoto shule, anaanzia kwetu aandikiwe barua ya utambulisho. Nilifanya kazi chini yake miaka minne, na alipostaafu mimi ndiye niliyerithi meza, muhuri na lile benchi.

Kuna jambo nililomficha. Niliwahi kuchora alama ya X nyekundu kwenye nyumba isiyostahili kubomolewa, nyumba ya mjane anayeishi kwa cherehani. Kila mtu alidhani nimekosea, na kukosea kunasameheka. Ukweli ni kwamba wakati nachora, moyo ulikuwa umeshaniambia kuna kitu hakiko sawa, nami nikanyamaza kwa sababu ya baridi na haraka. Nilikaa na jambo hilo miaka sita, kila siku nikiahidi kumwambia kesho. Nitalifikia. Lakini huwezi kuelewa kwa nini lilinitesa hivyo bila kumjua mama mwenyewe.

Alikuwa mfupi, mnene wa kiasi, mwenye mwendo wa mtu anayewahi basi. Mvua inyeshe, jua liwake, alivaa suti ya kitenge na mabuti meusi ya mvua. Viatu vyake vya kazi vilikaa chini ya meza, vikivaliwa siku ya kwenda makao makuu tu. Muhuri hakuuacha ofisini. Aliufunga kwenye kitambaa na kuuweka ndani ya mkoba pamoja na karanga, kwa hiyo barua nyingi za kata yetu zilitoka na vumbi la maganda. Huko benki walishatuzoea.

Sheria yake kubwa ilikuwa moja: hasaini kitu ambacho hajakiendea kwa miguu. "Miguu ndiyo inayosaini," alituambia kila kikao. "Kalamu inafuata tu." Ukitaka barua ya utambulisho na hakujui, alifunga ofisi mkaenda naye kwako. "Nikutambulishe vipi, baba, wakati mimi mwenyewe sikutambui?" Akifika aliomba maji ya kunywa, akatazama jikoni, akasalimia majirani wawili, ndipo akaandika juu ya goti lake hapohapo mlangoni. Kijana mmoja wa chuo alikuja mbio siku ya mwisho ya kupeleka fomu, akamlilia amwandikie palepale. Alimtembeza kilomita mbili kupanda mlima. Njiani alimpigia simu ofisa wa chuo na kumbembeleza asifunge dirisha, na dirisha halikufungwa. Angeweza kuandika barua na kupumzika, lakini aliona ni rahisi kumbembeleza mtu wa chuo kuliko kumdanganya.

Kwa tabia hiyo, alikuwa mchelewaji wa kutisha. Sisi alitukaripia tukichelewa dakika tano, halafu yeye akaingia kwenye kikao saa nzima baadaye na matope mpaka magotini, amepitia nyumba sita njiani. Alitukataza kuchoma taka, na nyuma ya ofisi alichoma rasimu zake za barua kila mwisho wa mwezi. Alikuwa na kipaza sauti cha mkononi cha kutangazia mikutano, na hakujua kukizima, kwa hiyo mtaa mzima ulisikia akimuuliza mumewe kwa simu kama maharage yameshainjikwa.

Na alikuwa mwoga. Hilo lilinishangaza kuliko yote. Mama aliyemnyang'anya mlevi panga barabarani kwa kumwambia tu "lete hapa", alitetemeka simu ya mkurugenzi ikiita. Alisimama kuipokea. Alivua miwani, akafunga kifungo cha juu, akajibu "ndiyo mheshimiwa" mara nne kabla ya kuambiwa kinachotakiwa. Baada ya hapo alikaa kimya akitafuna karanga, akasema, "Mwanangu, mimi nimebakiza miaka michache nistaafu. Wakinifukuza leo, ile miti yangu Mafinga bado midogo, hata kuni haitoshi." Tulimcheka. Hatukujua kwamba hofu ile ilikuwa ya kweli kabisa.

Utani kati yetu haukuisha. Yeye Mbena, mimi Mnyakyusa wa Tukuyu, na aliamini kwamba sisi tuna majivuno ya kuzaliwa nayo. "Mnyakyusa hakiri kosa mpaka ashibe ndizi," alisema kila nilipobishana naye, na nilibishana naye sana. Nikichelewesha ripoti ya wiki, alinunua ndizi mbili, akaziweka juu ya daftari langu bila neno, akaondoka. Mara nyingine nilizila kwanza, ripoti baadaye.

Misibani ndiko alikokuwa mwenyewe hasa. Kwetu huku kifo ni cha mtaa mzima, na asiyeonekana msibani huandikwa, kama si kwenye daftari basi kwenye vichwa vya watu. Viongozi wengine walifika wakaketi kwenye viti vya mbele na kutoa salamu za serikali. Yeye alipitiliza uani, akajifunga khanga juu ya suti, akashika mwiko. "Kiongozi asiyepika msibani atajuaje nani hajala?" Ndivyo alivyosema, na kwa kweli mambo mengi ya kata aliyapata kule jikoni, kati ya moshi na vitunguu, kabla hayajafika ofisini.

Jambo jingine alilohangaika nalo ni choo. Ofisi ya kata ilipojengwa, waliojenga walisahau choo. Aliandika barua makao makuu mwaka baada ya mwaka, akipanda na kushuka na kivuli cha barua ya mwaka uliopita, mpaka siku moja wakaleta matofali, bati nne na fundi. Choo kikasimama kwenye kona ya chini ya kiwanja, kimepakwa rangi nyeupe, na mlango wenye kitasa cha kweli. Siku ya kukifungua alinunua soda kwa watu wote waliokuwa ofisini, na akasisitiza kwamba wa kwanza kuingia awe raia wa kawaida. Alichaguliwa bibi mmoja aliyekuja kwa mambo ya mbolea, naye alitoka huko ndani akipiga vigelegele.

Sasa nije kwenye ile X.

Kila masika, maji ya mlima yalishuka kwenye kichochoro cha mtaa wangu na kuingia ndani ya nyumba za watu. Jiji likaamua kujenga mfereji. Mstari wa mfereji ulishapimwa zamani na kuwekewa bikoni, yale mawe ya zege yenye namba juu yanayochomekwa ardhini kuonyesha mipaka. Kazi yangu ilikuwa kunyoosha kamba kutoka bikoni hadi bikoni, kuhesabu nyumba zinazoguswa, kuziwekea X nyekundu na kujaza fomu. Fomu ikishasainiwa na kata, kijiko, ule mtambo wa kuchimbia, kinakuja Jumatatu inayofuata.

Nilitoka asubuhi moja ya mwezi wa tano. Mvua zilikuwa zimekatika, lakini ukungu ulikuwa mzito na baridi ya kukata masikio. Bikoni ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote sawa. Ya nne ilikuwa juu kidogo ya ofisi ya kata, karibu na nyumba ya Mama Neema, yule fundi cherehani. Ilisimama imeinama kidogo, udongo wa kuizunguka umekaa kama umetifuliwa, na ubavu wake mmoja ulikuwa mweusi. Niliugusa. Yalikuwa masizi, yale mazito yenye mafuta yanayobaki chini ya sufuria. Nilifuta namba kwa kidole nikaisoma, na namba ilikuwa yenyewe.

Nilisimama pale labda dakika mbili. Bikoni haipikiwi, hilo nalijua. Lakini vidole vilikuwa vimekufa ganzi, nyumbani uji ulikuwa unanisubiri, na kulifuatilia jambo lile kulikuwa na maana ya kumwita mpimaji wa jiji na kuanza upya. Nikanyoosha kamba. Ikapita katikati ya chumba cha mbele cha Mama Neema. Nikachovya brashi nikachora, mistari miwili, rangi ikachuruzika ukutani.

Mama Neema mwenyewe alikuwa barazani kwenye cherehani, akishona sare za shule. Mumewe alifariki akimwachia nyumba ile ya matofali ya kuchoma na mtoto mmoja, na kila kitu kilichomo ndani alikipata kwa kukanyaga pedali. Alinyanyuka akatazama ukuta.

"Baba Mtendaji, hii kitu ndo nini?"

"Mfereji, Mama Neema. Utalipwa fidia."

"Lini?"

Nikafunika kopo la rangi. Akarudi kukaa, akajaribu kutunga uzi kwenye sindano, akakosa mara tatu. Halafu akasema, "Karibu chai, baba. Baridi leo." Nilisema nina haraka, nikashuka bila kugeuka nyuma.

Siku ya pili alimpeleka Neema kwa dada yake Mbalizi. Siku ya tatu alirudisha vitambaa vya sare kwa wenyewe bila kuvikata. Siku ya nne nilimwona kaka yake juu ya paa anang'oa misumari, maana watu husema bora ushushe bati zako mwenyewe kuliko kuziokota chini ya kijiko. Kila nilipopita alinisalimia vizuri. Angenitukana ningelala usingizi.

Alhamisi Mama Mtendaji alinishika mkono. "Twende tukasaini," alisema, maana yake twende tukatembee. Tulianza juu tukashuka naye, yeye akigusa kila bikoni kwa fimbo. Alipofika ya nne alisimama. Akachuchumaa. Akaweka kiganja kwenye ule ubavu mweusi na kukaa hivyo muda mrefu, mpaka nikadhani ameishiwa pumzi. Nami kimya changu kikaongezeka siku nyingine.

"Hii imetembea," alisema hatimaye.

Akanyanyuka, akageuka, akashuka hatua nane akizihesabu kwa sauti, akaingiza fimbo kwenye nyasi. Fimbo ikazama. Tulipofyeka tukakuta shimo la mraba limejaa maji, kingo zake bado zimekamata chembe za zege.

"Mama, umejuaje?"

"Miguu inajua," alisema bila kunitazama.

Alimpigia mpimaji wa jiji palepale. Aliyekuja mchana ule alikuwa kijana mwenye chombo cha miguu mitatu, akapima mara mbili, akasema shimo ndilo lenyewe. Tukaunganisha na yale masizi, ikaeleweka ilivyokuwa. Mwezi wa tatu, jirani wa Mama Neema, mzee mstaafu wa reli, alifariki. Ulikuwa msiba mkubwa, mvua haikatiki, na wapishi walihitaji mawe makubwa ya mafiga kwa sufuria za watu wengi. Bikoni ile ilikuwa imeliwa na maji chini, imelegea kama jino bovu, namba imefunikwa na tope. Mtu akaiona ni jiwe zuri, akaibiringisha jikoni. Msiba ulipoisha, mtu yuleyule au mwingine, kwa adabu zake zote, akairudisha. Ila aliirudisha hatua nane juu.

Tulifuta X ya Mama Neema kwa mafuta ya taa, mimi na Mama Mtendaji na mpimaji. Mama Neema alisimama nyuma yetu ameshika mdomo. Rangi haikutoka yote, ilibaki kivuli cha waridi ambacho kipo mpaka leo. Kaka yake akaanza kurudisha misumari kwenye mabati. Kisha Mama Neema akaketi kwenye cherehani isiyokuwa na kitambaa, akakanyaga pedali, sindano ikapanda na kushuka kwenye hewa tupu, tak tak tak, naye analia na kucheka pamoja. Sijawahi kusikia sauti tamu kama ile. Nikageukia ukuta nikijifanya nasugua.

Tuliponyoosha kamba upya kutoka shimo la kweli, ilipita kichochoroni vizuri, haikugusa nyumba ya mtu yeyote. Iligusa kitu kimoja tu: choo cheupe cha ofisi ya kata, chenye kitasa cha kweli. Tulimtazama Mama Mtendaji. Alipokea brashi mkononi mwangu na kuchora X mwenyewe, taratibu, akahakikisha mistari imelingana.

Jumamosi palikuwa na mkutano wa mtaa. Mwenyekiti alitaka aliyehamisha bikoni ya serikali atajwe, achukuliwe hatua. Watu wakaanza kutazamana, wanawake waliopika msiba ule wakainamisha vichwa. Mama Mtendaji alishika kipaza sauti chake. "Serikali haitafuti mtu," alisema. "Serikali ilikuwa inatafuta shimo, na shimo limepatikana." Walimpigia makofi mpaka mbwa wakabweka. Kwenye ripoti aliandika kwamba bikoni ilihama kutokana na shughuli za kijamii. Maneno yale ya shimo nimeyarudia kwenye semina mbili za watendaji, na mara zote watu wameyaandika kwenye madaftari yao.

Kijiko kilikuja Jumatatu, kikala choo kwa mkupuo mmoja. Mfereji ukajengwa, na masika yaliyofuata hakuna aliyeamka na maji kitandani. Mama Neema akatufungulia mlango wa uani: ofisi nzima, na raia wanaosubiri barua, watumie choo chake. Ndivyo ilivyo hadi leo. Barua za choo kipya sasa naziandika mimi, na majibu yake yana heshima sana.

Kitu kimoja kilitushangaza. Kila Ijumaa saa nane, Mama Mtendaji alivua koti la suti, akachukua kipande cha sabuni ya mche na ndoo, akaenda kuosha kile choo cha Mama Neema kwa mikono yake. Kulikuwa na mhudumu wa ofisi, hakumwachia. Nilijitolea, alikataa. Hata Ijumaa ya mwisho kabla ya kustaafu, wakati tumeshapanga viti vya kumuaga, ilibidi tumsubiri amalize. Mgeni rasmi akasema kwenye hotuba kwamba huo ndio unyenyekevu wa uongozi, na mimi nikaona aibu mpya, kwamba mwenye kosa nimekaa kwenye kiti na asiye na kosa ananuka sabuni.

Mwezi uliopita nilikuwa na semina Iringa mjini. Siku ya kurudi nilishuka Mafinga. Nilikuwa nimechoka kusema kesho.

Nilimkuta kwenye shamba lake la miti, kilima kizima cha paina, amevaa mabuti yaleyale, anapogoa matawi ya chini kwa msumeno. Mumewe, aliyefanya kazi kiwanda cha karatasi Mgololo mpaka mapafu yakachoka na baridi, alikuwa amekaa kwenye kigoda akimhesabia miti. Miti ilikuwa imempita urefu mara tatu.

"Kamwene, Mama," nilimsalimia kwa Kibena.

"Kamwene! Mnyakyusa! Nani amekupa ruhusa ya kuacha ofisi yangu?"

Alinikumbatia na msumeno mkononi. Tukashuka nyumbani. Akaweka chai, na katikati ya meza akaweka mkungu mdogo wa ndizi mbivu alizonunua barabarani, maana kule kwao baridi haiziachi zikakua. Aliniuliza habari za kila mtaa, za mfereji, za benchi. Nilijibu nusunusu. Mwisho nikasema yote kwa mkupuo: ile asubuhi, ukungu, masizi, dakika mbili nilizosimama, uji.

"Niliona, Mama. Niliona kabla yako siku nne. Nikachora."

Alikuwa ameshika kikombe. Alikiweka chini.

"Na ndizi hata hujagusa," alisema.

"Sijagusa."

Nilisubiri kukemewa. Badala yake alimtazama mumewe, na mzee akatazama pembeni kama mtu anayejua kinachokuja. Mama akavua miwani.

"Mwanangu, unafikiri zile hatua nane nilizijuaje?"

"Si ulisema miguu inajua?"

"Lile jiwe nililitoa mimi," alisema. "Siku ya msiba wa mzee wa reli. Mvua inanyesha, sufuria ya nyama imekosa figa la tatu, wenzangu wananiangalia. Nikaona zege pale, nikalibiringisha. Nimeketi kando yake mchana kutwa nakoroga. Jioni nikalirudisha, nimechoka, giza linaingia, nikachomeka nilipodhani. Mtendaji wa kata mzima, sikujua kama ni bikoni. Nililijua siku ile tulipokwenda kusaini. Masizi yangu mwenyewe."

"Halafu ukasema serikali haitafuti mtu."

"Ningesemaje? Kwamba mtu ndo mimi, na kipaza sauti nimeshika mimi?" Alianza kucheka, akajizuia. "Niliogopa, mwanangu. Niliwaogopa wale wa makao makuu. Wewe ulinyamaza kwa baridi, mimi nilinyamaza kwa pensheni."

Nikamwambia maneno yale nimeyafundisha kwenye semina mbili. Hapo ndipo alipocheka kweli, kile kicheko cha benchi, mpaka mzee akampiga mgongoni. Mimi nilicheka mpaka machozi. Miaka sita nilimwona kama mlima ulioninyooshea kidole, kumbe alikuwa amejificha nyuma ya kichaka kilekile. Kitu kilinitoka kifuani, nikamenya ndizi, kisha ya pili.

Alipotulia akauliza, "Yeye umemwambia?"

"Nani?"

"Mwenye nyumba. Mimi nyumba yangu hukuichora."

Nikasema bado.

"Basi umekiri ofisi isiyohusika. Piga simu."

"Mama, sasa hivi?"

"Nilimwendea wiki ileile ya kijiko, nikamweleza, napiga magoti kabisa. Miguu ndiyo inayosaini, lakini wewe uko mbali. Anza na simu."

Nilipiga. Cherehani ilisikika kabla ya sauti yake. Nilimweleza Mama Neema maneno yaleyale, sasa yakiwa machache zaidi, na cherehani ikanyamaza. Nilimwona Mama Mtendaji ameshika mkono wa mumewe.

"Zile siku nne," alisema Mama Neema, "mtoto wangu alikuwa ananiuliza kwa simu, mama, tutalala wapi."

"Najua, mama. Nisamehe."

"Hujui. Ila sasa umesema." Akavuta pumzi. "Mwenzio nilimwambia hivi: choo changu sasa kinatumika na serikali nzima, kama unataka roho yangu itulie njoo ukioshe. Akaja mpaka anastaafu. Toka ameondoka Ijumaa naosha mwenyewe, na mgongo huu. Nilikuwa najiuliza serikali italeta lini mtu mwingine."

"Nitakuja Ijumaa."

"Njoo na ufagio. Wangu umeisha."

Nilipokata simu, Mama Mtendaji alikuwa ameshavaa miwani yake na anamenya ndizi, kwa furaha ya mtu aliyepata mrithi wa kweli. Alinisindikiza mpaka barabarani, akasimama na mabuti yake mpaka basi likaja. Hakunipa nasaha yoyote. Aliniambia tu nisiseme yale ya shimo semina ya tatu, au nikisema, nimalizie hadithi yote.

Makambako basi lilisimama watu wanunue vitafunwa. Nilishuka nikanunua ufagio wa nyasi, mzito, umefungwa vizuri, nikaushika mapajani hadi Mbeya, na abiria mwenzangu akauliza kama nahamia nyumba mpya. Nilimwambia naendea zamu.

Ijumaa saa nane nilivua koti nikaliacha juu ya benchi. Wawili waliokuwa wanabanana hapo, kesi ya mbuzi na kabichi, wakanitazama nikipita na ufagio begani. Mama Neema alikuwa barazani, chini ya ule msalaba wa waridi ukutani, anashona sare. Hakunyanyua kichwa.

"Sabuni iko dirishani," alisema, akakanyaga pedali.